Kimoja kibovu, vingine vizima: je, nirudishe vyote?

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mtu amenunua vitu vinavyouzwa pamoja, viwe viwili, sita au boksi kumi na sita, kisha kimoja kikaonekana na kasoro. Muuzaji anasema "lete hicho kibovu tu". Mnunuzi anataka kurudisha vyote, au anataka abaki na vizima na arudishiwe hela ya kibovu. Majibu hayafanani, kwa sababu sheria inaangalia mambo mawili: kama mauziano yalikuwa ya kitu kimoja kisichogawanyika, na ulifanya nini na bidhaa ulipoipokea.

SWALI: Nilinunua doti ya kanga kwa TSh 20,000 kwa ajili ya shughuli. Dukani ilikuwa imekunjwa, nikatazama upande wa juu nikaridhika. Nyumbani nikaikata, nikampelekea fundi apinde. Kipande cha pili kilipokunjuliwa, rangi nyekundu imehama, jina (yale maandishi) linaonekana mara mbili na mji (sehemu ya katikati) umeingia kwenye pindo. Muuzaji anasema nimeshaikata, basi imekuwa yangu. Ni kweli?
*Mvaa kanga, Tanga*

JIBU: Muuzaji ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayowaumiza wengi.

Tanzania Bara mauziano ya namna hii yanaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na ya Kenya, Sura ya 31, imetoka shina hilohilo. Chini ya sheria hizi mnunuzi anahesabiwa kuwa ameikubali bidhaa akimwambia muuzaji kuwa ameikubali, akikaa nayo muda unaozidi wa kawaida bila kusema kitu, au akiifanyia jambo ambalo mwenye mali pekee ndiye angelifanya. Kukata doti ni jambo la namna hiyo. Ikishakatwa muuzaji hawezi tena kuirudisha rafu na kumuuzia mwingine kama doti. Na kwa kuwa doti ni mauziano mamoja, ukikubali sehemu yake umekubali yote. Kwa hiyo hoja ya kurudisha mzigo na kudai TSh 20,000 zote imepungua nguvu sana.

Haki yako haikuishia hapo lakini. Kinachobaki ni fidia, na kipimo chake ni tofauti kati ya thamani ya doti kama ingekuwa nzima na thamani ya kile ulichonacho mkononi. Hapa ndipo wauzaji wanapowapunja watu kwa kusema, "Kipande kimoja kibovu, chukua elfu kumi." Kanga moja isiyo na mwenzake haiuzwi nusu ya bei ya doti. Tuseme sokoni kwenu kipande kimoja kizima kitapata TSh 6,000 na hicho kibovu hakina mnunuzi. Hasara yako ni TSh 14,000. Anza mazungumzo na hesabu hiyo. Usianze na nusu.

Muuzaji anaweza kukujibu kwamba uliikagua dukani. Ni kweli kwamba mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha, na kama ungeikunjua yote mezani ukaiona, ungekuwa huna la kusema kuhusu ubora. Wewe ulitazama ikiwa imekunjwa, na atabishana nawe kuhusu hilo. Hoja yako yenye nguvu zaidi ni ya maelezo: uliuziwa "doti", maana yake vipande viwili vya chapa moja vinavyofanana. Sharti la bidhaa kulingana na maelezo yake halifutwi kwa sababu tu ulitazama upande wa juu.

Kwa sasa mwambie fundi asipinde. Usifue kipande chochote, na ukilazimika kufua, fua vyote viwili pamoja, la sivyo kimoja kitapauka na ushahidi wako utavurugika. Tandaza vipande ubavu kwa ubavu, upige picha mchana kwenye kivuli cha nje; taa za ndani zinabadilisha wekundu. Usikate ule ukingo wenye maandishi madogo ya kiwanda na namba ya chapa, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba vipande vyote viwili vimetoka kwenye bidhaa moja. Kisha rudi dukani na vyote viwili na risiti.

Mwanzo wa mambo ulikuwa ni kuikunjua doti yote kwenye kaunta. Angalia katikati, pale vipande viwili vinapokutana. Chapa ikianza kuhama, mara nyingi pale ndipo utakapoona pindo la kipande kimoja limenyooka na la mwenzake limepinda.

SWALI: Risiti ya duka imeandikwa chini, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kuna faida gani ya kulalamika?
*Mnunuzi, Morogoro*

JIBU: Maandishi hayo yanamlinda muuzaji dhidi ya mteja aliyebadilisha mawazo: rangi haikumpendeza mwenzake, saizi alikosea mwenyewe, au kaona bei nafuu mtaa wa pili. Hapo muuzaji ana haki kukataa.

Kwenye kasoro, hali ni nyingine. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, Na. 8 ya mwaka 2003, inaingiza masharti ya ubora kwenye mikataba ya walaji, na maandishi ya risiti hayawezi kuyafuta. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Angalia tu kwamba mlaji kwa sheria hiyo ni anayenunua si kwa ajili ya kuuza tena. Ukinunua doti hamsini za kupanga dukani kwako, hesabu yako iko kwenye Sura ya 214 na mkataba wako na muuzaji wa jumla. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, ambayo haikubali mteja asainishwe kuacha haki zake, na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia ya hasara inayotokana na kasoro.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui. Zile sheria za kale, Sura ya 214 na Sura ya 31, zinasema kwamba kitu mahususi, yaani kile hasa ulichokichagua na kukielekezea kidole, umiliki wake ukishahamia kwako, kasoro inakupa fidia na si haki ya kurudisha, isipokuwa mkataba uwe na sharti la kurudisha. Basi liweke hilo sharti. Kabla ya kulipa, tuseme meza na viti sita, mwombe muuzaji aandike kwa kalamu kwenye risiti: "Seti moja, vipande 7, inarudishwa yote ikiwa na kasoro ndani ya siku 7", kisha asaini. Neno "seti" na idadi ya vipande vina kazi kubwa hapo, kwa sababu risiti inayosema "viti" na jumla ya hela peke yake haithibitishi kwamba mlikubaliana kitu kimoja. Risiti yenyewe iwe ya mashine, ya EFD kwa Tanzania. Kikaratasi cha daftari kinakanushwa kirahisi.

SWALI: Viatu vya mtoto: cha kushoto namba 36, cha kulia 37. Muuzaji anataka nimpelekee kimoja abadilishe.
*Mzazi, Kigoma*

JIBU: Peleka vyote viwili. Kiatu kimoja si bidhaa, na ukimpa kimoja ukaambiwa "njoo kesho", umebaki na kitu kisicho na kazi na yeye amebaki na hela. Kosa hili hutokea sana kwenye maduka yanayoweka mguu mmoja kwenye maonyesho na kuacha mwenzake kwenye boksi. Ndiyo sababu hata namba zikilingana, linganisha rangi: kiatu kilichokaa dirishani miezi kadhaa hupaukia jua upande mmoja, na gundi ya soli hukauka kabla ya mwenzake. Soma namba iliyochapwa ndani ya ulimi wa kila kiatu, usisome ya boksi. Ajaribu nyumbani juu ya mkeka au zulia. Soli ikishagusa barabara muuzaji atakuwa na la kusema.

SWALI: Ninaishi Uingereza. Nilinunua meza ya kulia na viti sita kwa agizo la mtandaoni. Meza ilikuja Jumatatu, viti vikaja wiki iliyofuata, na kiti kimoja kina ufa mguuni. Duka limeniletea kiti kingine, lakini rangi ya mbao imezidi weusi kuliko vile vitano. Sasa ni siku ya 19 tangu viti vifike. Wanasema nimepata nilichoomba.
*Msomaji, Leicester*

JIBU: Sheria inayokuhusu ni Consumer Rights Act ya 2015, nayo inalisema jambo la seti waziwazi kuliko sheria za kwetu. Mnunuzi anaweza kukataa bidhaa zote za mkataba, au akakataa zile zenye kasoro peke yake. Lakini bidhaa zikiwa ni kitu kimoja kibiashara, yaani kitu ambacho ukikigawa thamani yake au hulka yake inapungua sana, huruhusiwi kurudisha kipande na kubaki na vingine. Utarudisha vyote, au utabaki navyo vyote na kudai njia nyingine.

Je, meza na viti sita ni kitu kimoja? Angalia ukurasa ulioagizia na ankara yako. Kama duka linauza kiti kimojakimoja kwa bei yake, ni rahisi kusema kila kiti kinajitegemea, na unaweza kukataa hicho kimoja. Kama ilitangazwa seti ya vipande saba kwa bei moja, hoja ya kitu kimoja ndiyo yenye nguvu, na hiyo inakufaa wewe: kiti kisichofanana na wenzake kinaharibu seti nzima.

Siku 30 za kukataa na kurudishiwa hela kamili zinaanza kuhesabiwa baada ya bidhaa kufika na, kama ufungaji ni kazi yao, baada ya kufungwa. Ulipoomba ubadilishiwe, saa ilisimama. Inaendelea kuhesabu ukipokea kiti mbadala, na ukibakiwa na siku chache kuliko saba, unapewa saba. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba muda umekwisha kwa sababu wao walichukua siku zao.

Kiti walichokuletea hakilingani na mkataba, na wameshapata nafasi yao moja. Bidhaa mbadala ikishindwa, una haki ya kuchagua: upunguziwe bei ubaki na seti, au uikatae. Ukiikataa, urejeshewe hela ndani ya siku 14 tangu wakubali kwamba unastahili, na gharama ya kuja kuichukua ni yao. Ndani ya miezi sita ya mwanzo hawaruhusiwi kukukata hela ya matumizi kwenye samani. Ruhusa hiyo ipo kwenye magari. Pia ndani ya miezi hiyo kasoro inachukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo mpaka wao wathibitishe vinginevyo.

Na kwa kuwa ulinunua kwa mbali, una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Agizo moja likifika kwa mafungu, siku hizo zinahesabiwa tangu fungu la mwisho, si tangu meza ilipofika. Kwa siku ya 19 mlango huo umefungwa kwako, lakini msomaji mwenye mzigo ambao bado haujatimia aukumbuke. Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo na bei ya bidhaa ilizidi pauni 100 bila kupita pauni 30,000, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na duka kwa mujibu wa kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974. Waandikie wote wawili siku moja.

SWALI: Fundi wa sola alinifungia mfumo wa volti 24 wenye betri mbili za 12V, 200Ah. Miezi mitano sasa, inveta inazima saa tatu usiku. Anasema betri moja imekufa na ataibadilisha hiyo tu. Mimi nataka zote mbili. Nani ana haki?
*Mwenye sola, Mwanza*

JIBU: Pima kwanza, ndipo mbishane, maana betri mbili zilizoungwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine) zinafichana. Inveta inaona jumla tu. Ikiona volti 23 inadhani bado kuna chaji, kumbe moja iko 12.4 na nyingine imeshuka mpaka 10.6. Wakati wa kuchaji mambo yanageuka: chaja inatafuta jumla ya 28.8, ile dhaifu inagomea kwenye 13 na kitu, na nzima inasukumwa kupita 15. Hapo betri nzima inachemka, inapoteza maji na kuharibika kwa kosa la mwenzake. Hii ndiyo sababu kuiacha hali hiyo wiki tatu mkisubiriana kunaweza kukuachia betri mbili mbovu badala ya moja.

Jinsi ya kupima: chaji mfumo mpaka ujae, zima inveta, zima paneli, kisha fungua waya unaounganisha betri hizo mbili. Ziache zipumzike usiku kucha, saa 8 hadi 12. Asubuhi weka mita kwenye nguzo za kila betri. Betri ya risasi (lead-acid) iliyo nzima na kujaa itasoma karibu 12.7. Ikisoma karibu 10.5, seli moja kati ya sita imekufa, kwani kila seli ni volti 2.1 hivi. Kama ni betri za kufungua vifuniko, haidromita, kifaa cha kupima uzito wa maji ya betri, inaeleza zaidi: seli iliyojaa ni karibu 1.265, na seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo ndiyo mbovu. Andika kila namba na tarehe, upige picha mita ikiwa juu ya betri na namba ya betri ikionekana.

Vipimo hivi vina thamani kwa sababu muuzaji atasema "umeitumia vibaya". Betri mbili zilizobeba mzigo uleule, chaji ileile, chumba kilekile, moja ikawa na seli iliyokufa na zilizobaki zote zikawa sawa: hapo kasoro ya kiwandani inaonekana yenyewe. Zikiwa zote mbili zimeshuka kwa usawa, hoja yako imelegea, na tatizo huenda ni paneli chache au matumizi makubwa.

Sasa haki. Kama ulimwambia fundi unataka mfumo wa kuwasha friji na taa, ukamwachia achague vifaa, na ankara inasema "mfumo wa sola 24V", amekuuzia kitu cha kufaa kazi uliyomtajia. Mfumo usipofaa, wajibu ni wake mpaka ufae, ikiwa ni pamoja na betri nzima iliyoharibiwa na mwenzake. Kama ulinunua betri mbili dukani mwenyewe na kuleta fundi wako, kila betri ni bidhaa yake, na kudai zote mbili wakati moja ni nzima ni kudai kupita kiasi.

Kwa miezi mitano, mimi ningekubali betri moja kwa masharti. Iwe ya kampuni ileile, aina ileile na Ah zilezile, na tarehe yake ya kutengenezwa isiachane sana na ya mwenzake. Tofauti ya miezi michache inavumilika. Ingekuwa mwaka mmoja na nusu ningekwambia usikubali, kwani ile ya zamani itaiburuta mpya. Kabla ya kuunganisha, kila betri ichajiwe peke yake mpaka ijae, kisha ziungwe sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kwa saa kadhaa zilingane, ndipo zirudishwe mfululizo. Fundi anayetoa mpya kwenye boksi na kuifunga moja kwa moja anakuandalia mgogoro mwingine. Kwenye karatasi mwandike mambo mawili: betri mbadala ina waranti yake kamili kuanzia leo, na ile iliyobaki ikishindwa ndani ya waranti ya mwanzo, hatadai kwamba iliharibika kwa sababu ya kuchanganywa.

SWALI: Niliagiza viti saba kwa fundi, KSh 85,000, nimelipa 60,000. Kitambaa ni kimoja lakini kochi la wawili linaonekana kama rangi nyingine. Fundi anasema ni macho yangu.
*Mama wa nyumba, Nakuru*

JIBU: Huenda nyote wawili mnasema kweli. Kama kitambaa kina manyoya mafupi mfano wa mahameli, pitisha kiganja juu ya kochi hilo, kisha juu ya lile la watatu, kwa mwelekeo uleule kutoka mgongo kuja mbele. Likilainika moja na lingine likakukwaruza, fundi alikata kitambaa kimegeuzwa. Nenda upande wa pili wa chumba utazame tena: lililokuwa jeusi litakuwa jeupe na lingine litageuka. Hilo ni kosa la ukataji, na dawa yake ni kuvisha upya kochi hilo peke yake, kwa kitambaa cha robota lilelile kama kimebaki.

Rangi isipobadilika hata ukizunguka chumba kizima, basi kitambaa kimetoka robota mbili za upakaji rangi tofauti. Hapo usikubali avishe lile la wawili tu, kwa kuwa robota ya tatu italeta rangi ya tatu. Avishe yote kutoka robota moja, au mkubaliane punguzo. Linganisha mchana mlango ukiwa wazi, halafu usiku chini ya taa. Rangi zinazofanana kwenye taa hujitenga kwenye jua. Na kabla ya lolote, omba kipande cha mabaki cha kila robota ukihifadhi.

Silaha yako ni zile KSh 25,000 zilizobaki. Mnunuzi aliyeuziwa bidhaa yenye kasoro anaweza kuikata hasara yake kwenye bei anayodaiwa, bila kwenda kufungua kesi kwanza. Usinyamaze tu na hela, lakini. Mwandikie fundi ujumbe wa simu au barua: kasoro ni hii, picha ni hizi, nakupa siku 14 urekebishe, baki nitalipa kazi ikikamilika au nitakata kiasi fulani. Ukikalia makochi miezi minne ndipo ukaandika, atasema uliyakubali, na mahakama inaweza kukubaliana naye. Shauri likikwama, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Kifungu cha kutaja ni cha 16 cha Sura ya 31, kuhusu ubora na kufaa kwa kazi.

SWALI: Spika zangu za masikioni zisizo na waya: ya kushoto imekuwa kimya wiki ya pili tu. Rafiki ana ya kushoto ya aina hiyohiyo, je nichanganye?
*Kijana, Bagamoyo*

JIBU: Usichanganye kabla ya kurudisha. Jozi hizi hutambuana kiwandani, na ya toleo jingine mara nyingi hukataa kuungana. Pia muuzaji akiona namba za utambulisho (serial) zinatofautiana, waranti imekwisha. Safisha kwa kitambaa kikavu vile vijinguzo vya chaji ndani ya kikasha, kagua nta kwenye wavu, angalia kwenye mipangilio ya simu kama usawa wa sauti haujavutwa upande wa kulia, kisha futa jozi kwenye Bluetooth na uiunge upya. Ikibaki kimya, rudisha seti yote: spika mbili, kikasha, waya na boksi.

SWALI: Vigae vya sebule, boksi 16 za 60×60. Fundi amemaliza, na sasa naona mstari wa katikati una rangi ya maziwa, pembeni ni nyeupe. Duka linasema ningesema kabla ya kubandika.
*Mjenzi, Dodoma*

JIBU: Duka lina hoja. Kigae kilichobandikwa kimekubaliwa, hakirudi. Kinachobaki ni fidia ya tofauti ya thamani, na swali litakuwa kama tofauti ile ilionekana kabla ya saruji. Tafuta maboksi kama hayajatupwa. Ubavuni kuna namba ya toni ya rangi na namba ya kipimo halisi cha kigae. Kama duka lilikutolea toni mbili kwenye oda moja bila kusema, hilo ni kosa lao, na maboksi ndiyo ushahidi. Kama toni ni moja kwenye maboksi yote na rangi bado zinatofautiana, kasoro ni ya kiwanda na muuzaji bado anawajibika kwako. Yeye atamalizana na kiwanda chake. Fundi naye ana sehemu yake, kwa sababu alipaswa kuchota vigae kutoka maboksi matatu au manne kwa wakati mmoja na kuvichanganya, na kupanga vikavu mita chache za mraba kabla ya kuchanganya saruji.

Kwa wanaojiandaa kununua: boksi la 60×60 kwa kawaida lina vigae vinne, mita za mraba 1.44. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni 20. Ongeza asilimia 10 ya kukatika, zinakuwa 22, yaani boksi 16. Ukipanga kwa mshazari, ongeza asilimia 15, boksi 16 zinatosha kwa kubanana, chukua 17. Soma namba ya toni ya kila boksi likiwa bado kwenye kirikuu, kwa sababu kulishusha na kulirudisha juu ni gharama yako. Agiza yote kwa mkupuo mmoja, na boksi moja lisifunguliwe, libaki stoo na namba zake: kigae kikipasuka mwaka ujao, toni ile haitakuwapo tena dukani.